Namanga kwa basi: mke Mtanzania, mume Mjerumani, watoto wawili na mama mkwe. Nani anahitaji nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Arusha. Mume wangu ni Mjerumani na ana kibali cha ukaazi hapa nchini. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Mwezi Desemba tunataka kwenda Nairobi kwa basi kupitia Namanga, tukae siku nne kwa mdogo wangu anayefanya kazi kule, tumpokee mama mkwe wangu atakayetua Nairobi akitokea Ujerumani, kisha turudi naye Arusha akae mwezi mmoja. Ana miaka 67. Mimi sina pasipoti, nina kitambulisho cha NIDA tu. Jirani yangu anafanya biashara Namanga, ananiambia siku hizi Afrika Mashariki viza zilishafutwa, twende tu, tutamalizana hukohuko. Ni kweli? Kila mmoja wetu anahitaji nini?

JIBU: Dada, viza kweli zilifutwa, lakini kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika msafara wenu, ufutaji huo unakuhusu wewe, na unawahusu watoto kama watasafiri kwa hati za Tanzania. Mumeo haumhusu, na mama mkwe wako haumhusu kabisa. Hata wewe mwenyewe, NIDA peke yake haitakuvusha. Dirishani hawapokei familia. Wanampokea mtu mmoja na hati aliyoishika, wanammaliza, wanamwita anayefuata. Kwa hiyo nitakujibu vivyo hivyo, mtu kwa mtu.

Nianze na wewe. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na chini yake raia wa nchi mwanachama anayeingia nchi nyingine mwanachama kwa matembezi anapewa pasi ya mgeni bila malipo, ambayo inaweza kufika miezi sita. Hakuna viza, hakuna ada. Ila itifaki hiyohiyo inasema raia ataonyesha hati ya kusafiria inayotambuliwa, na kwamba nchi zitakazokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kama hati ya kusafiria zinaweza kufanya hivyo. Ni hiari. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu 2014 raia wao wanavuka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho. Tanzania haikuingia katika makubaliano hayo. Ndiyo maana Mkenya anaweza kwenda Kampala na kitambulisho chake tu, akija Arusha anadaiwa pasipoti au hati ya muda, na wewe hivyohivyo ukienda kwake.

Una njia mbili. Ya kwanza ni pasipoti yenyewe, ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ambayo Tanzania ilianza kuitoa 2018. Ya pili ni Hati ya Dharura ya Safari, ambayo Idara ya Uhamiaji huwapa raia kwa safari za nchi jirani. Hiyo ya pili ni nafuu na hupatikana upesi zaidi, na ingekutosha kabisa kwa siku nne za Nairobi. Lakini kwa hali yako nakushauri uchukue pasipoti. Umeolewa na mtu wa Ujerumani, una mama mkwe Ujerumani, na hati ya dharura haitakufikisha kwake. Maombi yanaanzia mtandaoni, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako au kiapo kinachochukua nafasi yake, kitambulisho cha NIDA na picha. Kinachochelewesha watu wengi ni hicho cheti cha mzazi. Wazee wetu wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na familia inakuja kulijua hilo wiki ya safari. Anza kukitafuta leo.

Kuhusu jirani yako, naelewa anachokiona. Namanga ni mji mmoja uliokatwa katikati na mpaka. Watu wa pale wanavuka kununua nyanya, kupeleka mbuzi, kumsalimia shangazi, na maafisa wanawafahamu kwa sura. Mazoea hayo yanaishia palepale mjini. Ukivuka hivyo kisha ukapanda gari la Nairobi, unakuwa ndani ya Kenya bila muhuri wa kuingia na bila muhuri wa kutoka Tanzania. Njia ya kwenda Nairobi ina vizuizi vya polisi, na kwenye kizuizi anayeulizwa karatasi ni abiria, sio aliyemshauri. Kinachoniuma katika kesi hizi ni kwamba huwakuta watu waliokuwa na haki ya kupita bila kulipa hata senti moja. Haki walikuwa nayo, hawakuigongesha muhuri tu.

Sasa watoto, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu familia zenye wazazi wa mataifa mawili hukwama zaidi hapa kuliko kwa mume. Watoto wako ni Watanzania kupitia kwako, na bila shaka ni Wajerumani kupitia kwa baba yao. Sheria ya Uraia ya 1995 inamwacha mtoto awe na uraia wa nchi mbili mpaka afikishe miaka 18, ndipo inamtaka achague. Tatizo haliko kwenye kuwa na pasipoti mbili. Liko kwenye kuzichanganya safarini. Mtoto anayeishi Arusha kama Mtanzania akitolewa Namanga kwa pasipoti ya Kijerumani, afisa ataifungua kutafuta muhuri wa kuingia Tanzania na kibali cha kukaa, na hatakiona. Kwa macho ya hati hiyo, mtoto ni mgeni aliyeingia nchini kusikojulikana. Na upande wa Kenya, kwa pasipoti hiyo atadaiwa kibali cha kielektroniki kama Mjerumani mwingine yeyote. Kenya haimsamehi hata mtoto mchanga.

Kwa hiyo watoto nao wapate hati za Tanzania, watoke nazo, waingie Kenya nazo, warudi nazo. Hawatalipa chochote Namanga. Pasipoti za Kijerumani, kama wanazo, zikae mkobani mpaka siku watakayosafiri kwenda kwa bibi yao. Beba pia vyeti vyao vya kuzaliwa vyenye majina yenu wote wawili. Mkiwa pamoja, baba na mama, hamtaulizwa mengi. Lakini mipango hubadilika. Ikitokea mumeo akabaki Arusha kwa kazi, hakikisha una barua yake ya kuridhia watoto wasafiri, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya pasipoti yake. Maafisa wa mipaka wanafunzwa kutilia shaka mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, hasa jina la ukoo likiwa si la mzazi huyo. Usichukie ukiulizwa. Swali hilohilo ndilo linalomzuia mtu kuvusha mtoto wa mwenzake.

Mumeo anadhani, nina hakika, kwamba kibali chake cha ukaazi cha Tanzania kina uzito pia Kenya. Hakina. Kenya haiangalii anaishi wapi, inaangalia pasipoti yake ni ya nchi gani. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza za kawaida, na badala yake mgeni anaomba mtandaoni kibali cha kusafiri ambacho wengi wanakiita eTA. Ada ilipoanza ilikuwa dola 30. Aombe kabla ya safari, siku tatu za kazi ni kidogo mno kwa mtu anayesafiri Desemba, wiki mbili zinatosha. Fomu inaomba picha, ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zake, mahali atakapofikia na njia atakayoingilia. Achague barabara, kupitia Namanga. Kwa kuwa mnafikia kwa mdogo wako na sio hotelini, mdogo wako awaandikie barua fupi ya mwaliko yenye anwani yake, akiambatanisha nakala ya hati yake ya kuishi Kenya.

Kibali cha ukaazi kitamsaidia mumeo wakati wa kurudi. Pale atakapoonyesha kibali hicho ataingia kama mkaazi, bila kununua viza mpya. Aangalie tarehe tu. Kibali kinachoisha mkiwa Nairobi kinamfanya arudi akiwa mgeni, na kwa mtu mwenye nyumba na watoto Arusha huo ni usumbufu wa bure. Na akibebe chenyewe. Picha ya kwenye simu isiwe ndiyo tegemeo lake.

Nikumbushe pia kuhusu viza ya utalii ya Afrika Mashariki, maana kila familia kama yenu huniuliza. Ipo, ni ya dola 100, inadumu siku 90 na inamruhusu mgeni kuingia na kutoka mara nyingi. Lakini ni ya nchi tatu tu: Kenya, Uganda na Rwanda. Jina lake linawadanganya watu wengi. Haifungui mlango wa Tanzania, na mgeni akishatoka katika eneo la nchi hizo tatu, haiwezi kumrudisha. Kwa safari yenu haina kazi.

Mama mkwe wako ndiye mwenye mzigo mkubwa wa karatasi, maana anaingia nchi mbili ndani ya siku chache, na ana umri ambao unaongeza jambo moja. Kwa Kenya, ataomba eTA akiwa kwao, kama mwanawe, ila yeye atachagua uwanja wa ndege. Kwa Tanzania anahitaji viza ya kawaida ya kuingia mara moja, ambayo kwa Mjerumani ni dola 50 na humruhusu kukaa hadi siku 90. Mwezi mmoja unaenea humo vizuri. Anaweza kuinunua Namanga akifika, lakini sishauri. Basi lina abiria wengine na dereva hatamsubiri mgeni mmoja anayejaza fomu na kutafuta njia ya kulipia. Aiombe mtandaoni wiki tatu au nne kabla, aandike Namanga kama kituo cha kuingilia, na aichapishe kwenye karatasi. Pasipoti yake iwe na uhai wa angalau miezi sita kuanzia siku atakayoingia, na kurasa tupu za mihuri.

Katika maombi hayo yote mawili, ya eTA na ya viza, angalieni anwani ya tovuti kabla ya kutoa namba ya kadi. Tovuti ya serikali ya Kenya huishia na .go.ke na ya Tanzania huishia na .go.tz. Zipo nyingine nyingi zenye bendera, nembo na picha za twiga, zinazotoza mara mbili au zaidi kwa kujaza fomu ileile. Mtu wa Ulaya akitafuta kwa haraka huziona hizo kwanza.

Jambo la umri ni chanjo ya homa ya manjano. Mgeni anayetoka Ujerumani moja kwa moja kuja Tanzania hadaiwi kadi. Lakini yeye ataingia Tanzania akitokea Kenya, na Kenya iko katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Namanga, kabla ya dirisha la Uhamiaji, kuna meza ya afya, na hapo wanauliza kadi ya manjano. Na ninyi pia, mkirudi, mnatokea Kenya. Kwa hiyo watu wazima na watoto wenu wote wawili muwe nazo. Aliyewahi kuchanjwa zamani asichanjwe tena: tangu Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinahesabiwa kuwa halali maisha yote, hata kama kimeandikwa kwamba kinaisha baada ya miaka 10. Anayechanjwa sasa akumbuke kwamba cheti kinaanza kuwa halali siku ya 10 baada ya sindano. Kuchanjwa Jumatatu na kusafiri Alhamisi hakusaidii.

Kwa mama mkwe wako kuna tahadhari zaidi. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu aliyepita miaka 60 ambaye anachanjwa kwa mara ya kwanza, madaktari hupima faida na madhara kwanza, kwa sababu madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo. Amwone daktari wa magonjwa ya safari mapema, mwezi mmoja au miwili kabla. Daktari akiona haifai kumchanja, atampa cheti cha msamaha wa kitabibu, chenye muhuri na sahihi, katika kijitabu kilekile cha chanjo. Hicho ndicho atakachoonyesha mezani. Tafadhali msimchanje barabarani siku ya safari ili mpite. Hiyo ni afya ya mzee.

Hukuniambia atarudi kwao vipi, na hilo linaweza kubadilisha hesabu. Kama tiketi bado haijakatwa, aondokee Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Hata kama ndege yake itapitia Nairobi, abiria anayebadilisha ndege bila kutoka nje ya uwanja hadaiwi eTA. Kama tiketi imeshakatwa kutoka Nairobi na itabidi avuke Namanga tena, basi anaingia Kenya mara ya pili, na ruhusa ya kuingia hiyo mara ya pili iwe imeshapatikana kabla hajatoka Arusha. Asitegemee huruma ya zamu ya siku hiyo. Nasema vivyo hivyo kwa mgeni yeyote anayeishi Tanzania kwa viza ya kuingia mara moja, akataka kutoka kidogo kwenda Kenya na kurudi: aende ofisi ya Uhamiaji kuuliza kwanza, au tangu mwanzo achukue viza ya kuingia mara nyingi.

Mpakani penyewe kutakuwaje? Namanga ni kituo cha huduma za pamoja, kilichozinduliwa Desemba 2018. Maana yake ni kwamba huingii majengo mawili. Mkielekea Nairobi, basi litapita jengo la Tanzania bila kusimama na kuwashusha kwenye jengo la upande wa Kenya. Humo ndani wamo maafisa wa nchi zote mbili. Mnaanza na dirisha la Tanzania, mnagongewa muhuri wa kutoka, mnasogea dirisha la Kenya, mnagongewa wa kuingia. Mkirudi, mambo yote yanamalizikia jengo la Tanzania. Watu wenye haraka huruka dirisha la kwanza kwa sababu wanaona foleni ya la pili ni fupi, kisha wanarudishwa nyuma huku kondakta anapiga honi.

Mkishuka kwenye basi mtazungukwa. Kina mama wa Kimasai watawatandazia shanga na vikuku hadi kwenye mikono ya watoto, na hao hawana shida, ukisema asante hapana kwa upole wanakuelewa baada ya mara tatu nne. Wa kuwaangalia ni vishoka: vijana wanaokuja na fomu mkononi, wanakuita kwa heshima, wanataka pasipoti ya mzungu wakamsaidie kuharakisha. Hakuna cha kuharakisha. Fomu ni za bure na ziko ndani. Pasipoti itoke mkononi mwa mwenyewe iende mkononi mwa afisa wa dirishani, na irudi hivyohivyo. Fedha badilisheni benki au duka lenye leseni, sio kwa anayehesabu noti kando ya tairi la basi.

Kabla hujaondoka dirishani, fungua kila pasipoti uangalie muhuri. Tarehe inasomeka? Siku mlizopewa ni ngapi? Idadi ya siku inayohesabika ni ile afisa aliyoiandika kwenye muhuri, na inaweza kuwa pungufu kuliko mlivyotarajia. Kwa mama mkwe wako hasa, kama afisa ameandika siku 14 na yeye anakaa mwezi, mwambieni palepale, kwa adabu, mkimwonyesha tiketi ya kurudi. Kurekebisha dirishani ni dakika moja. Kurekebisha baadaye ni safari ya ofisini, fomu, na pengine faini.

Mwambie pia mama asifunge vitu vyake kwenye mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo 2017 na Tanzania Juni 2019, na wageni wengi kutoka Ulaya hawana habari.

Ukiniuliza uanze na lipi, anza na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako na maombi ya pasipoti yako na za watoto, maana hayo ndiyo yenye ofisi nyingi. Wiki hiyohiyo mumeo ampigie mama yake simu kuhusu daktari wa chanjo na kuhusu tiketi. Viza ya Tanzania aiombe mapema Novemba, na eTA za wote wawili ziombwe baada ya hapo, mkiwa na tarehe ya basi mkononi. Karatasi za kila mtu ziwe kwenye bahasha yake yenye jina, na bahasha za watoto uzishike wewe.